Consolate Irambona, Mama Aliyeipoza Kompyuta Yetu

Baada ya miaka ishirini na mitano ya kazi, Mama Consolate Irambona, fundi mkuu wa mitambo wa Redio Ufukweni hapa Kimanga, mjini Uvira, anastaafu tarehe 30 Juni 2024. Alizaliwa Bwegera kwa wakulima wa mpunga, akasomea umeme Bukavu, akaajiriwa nasi mwaka 1999, vita vikiwa vimeshamiri. Gaspard, mkurugenzi wetu wa wakati ule, alisema alimchukua kwa sababu mbili: cheti chake kilikuwa kizuri, na kicheko chake kilisikika hadi barabarani, jambo ambalo redio yenye mtambo dhaifu kama yetu ililihitaji sana.

Wenye bahati tulimwona akicheka. Mtangazaji Donatien alimwona pia akiwa amekasirika, siku alipoweka sahani ya samaki wa mikeke juu ya kikuza sauti ili isipoe. Mpaka leo Donatien hula nje, hata mvua ikinyesha.

Lakini tukimtaja Consolate, sote tunaikumbuka Oktoba 2002. Mapigano yaliingia mjini, watu wakakimbia, wengine kuelekea Burundi, wengine kusini kandokando ya ziwa, na watoto wengi wakapotezana na wazazi. Sisi tulikimbia na kompyuta yetu, nayo ilikuwa moja tu, imefungwa nyuma ya baiskeli. Mji ulipotulia kidogo tukarudi, tukakuta watoto wamekusanywa parokiani. Wale wadogo hawakujua jina la kijiji wala la baba yao. Consolate ndiye aliyesema tuwarekodi, kila mmoja aseme anachokijua, au aimbe tu, kisha tuwarushe hewani. Mama hahitaji anwani kumtambua mwanawe.

Tuliwarekodi wote. Shida ilianza wakati wa kurusha: kompyuta ilicheza sauti dakika chache, ikazimika yenyewe. Tukaiwasha, ikazimika tena. Na muda haukuwepo. Jumamosi lori lingekuja kuwachukua watoto kuwapeleka Bukavu, na nani angewafuata huko, kwa barabara za wakati ule?

Gaspard alilaumu jenereta. Donatien, kwa nia njema kabisa, alitandika kitambaa chenye maji juu ya sanduku la kompyuta, na Consolate akakiondoa kabla hakijatuchoma sote kwa umeme. Akafungua sanduku. Ndani mlikuwa na vumbi la tambarare nzima ya Ruzizi. Akalipangusa kwa brashi ya rangi, akaiwasha. Feni ilizunguka vizuri. Kompyuta ikaenda muda mrefu kidogo, ikafa.

Safari hii alifungua ule ukurasa wa mipangilio unaoonyesha joto la prosesa, akaona namba zinapanda kama mtu anayekimbizwa. Kisha akagusa kipoza, kile kipande cha alumini kinachokaa juu ya prosesa kunyonya joto lake. Kilikuwa baridi.

“Chini iko moto, huku juu iko baridi,” alisema. “Basi moto haiko inapanda. Hivi viwili havigusane.”

Na kweli. Kijino cha plastiki kinachoshika kibanio cha kipoza kilikuwa kimevunjika, bila shaka njiani juu ya baiskeli, na kipoza kilikuwa kimeinama upande. Dawa ya kupitisha joto iliyopakwa kati yake na prosesa ilikuwa imekauka kama udongo. Dawa hiyo haikupatikana Uvira, na mpaka wa kwenda Bujumbura ulikuwa umefungwa. Alijaribu dawa ya meno, akakifunga kipoza kwa kamba. Studio ilinukia vizuri, na Alhamisi jioni tukaenda hewani tukiwa na matumaini. Dawa ya meno ikakauka, kamba ikalegea, na mashine ikazimika mtoto mmoja akiwa katikati ya wimbo wake.

Consolate alitoka kwenda barazani, akasimama peke yake. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Gaspard akamuuliza kama tuache.

“Weye uache,” akamjibu. “Minye niko na kesho.”

Kesho yake asubuhi alikwenda kituo cha afya kuomba pomade nyeupe ya zinki, ile ya vipele vya watoto, akapaka utando mwembamba kati ya prosesa na kipoza. Kwa waendesha baiskeli za abiria akapata spoki, akaikunja kuwa kibanio kipya, akaizungushia utepe wa umeme isiguse mahali pabaya. Joto likapanda, likasita, likakaa. Mchana ule tulirusha sauti zote, tukazirudia, na tena.

Jumamosi lori likiwa linapakia, mwanamke aliyeitwa Olive alishuka kwenye baiskeli ya jirani yake, akitoka kijijini Runingu, vumbi hadi kwenye nyusi. “Ule mutoto mwenye aliimba wimbo wa mbuzi!” alipiga kelele. “Ni wangu! Ni Belyse wangu!” Belyse alimsikia kabla hajamwona. Wengine walifika nyuma yake. Si wote waliopatikana, na Consolate hakuwahi kujifanya kwamba ni wote. Lori liliondoka nusu tupu, naye alisimama akilitazama mpaka likapotea.

Baadaye alitufungia sahani za umeme wa jua na kuwafundisha mafundi, akiwemo Inamahoro anayemrithi. Sasa anarudi Bwegera na mumewe, Mzee Thaddée, ambaye ametuomba kwa heshima tusimpe zawadi yoyote yenye waya.

Mama Consolate, aksanti sana. Mvua ikunyeshee kwa wakati wake, mpunga wako ujae, na uzee ukukute umepumzika. Huku kuna watu wazima leo ambao hawakujui kwa sura, nao wanakula mezani kwa mama zao. Wote hao nao wanakuaga.

Élisabeth Ndayiragije, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako