Kinyago Kilichopakwa Kiwi

Kosa lilikuwa langu. Tulipotoka Nangurukuru, nilimsifia mama wa siti ya mbele kwamba kinyago alichopakata kinang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Kijana jirani yake akageuka, akashika kichwa. "Mama, hiki si cha Bertha?"

"Ndicho. Leo mwanangu ana usaili pale Masoko, aende chuo kikuu kusomea sanaa. Kwani we nani?"

"Fidelis, mama! Namfundisha kwa simu, ule mradi wa vijana wasiojiweza. Kwenye picha kilikuwa na makovu ya patasi!"

"Si kaacha kazi njiani! Nimempa mjomba wake kakipiga msasa, kakipaka kiwi."

"Makovu ndiyo sanaa yenyewe, mama. Yanaonyesha maumivu ya mtoto wa familia duni."

"Duni nani? Asubuhi kala mihogo ya nazi sahani mbili!"

Gari zima tukacheka. Fidelis hakucheka, nadhani mihogo haikuwemo kwenye mradi. "Mama, wasaili watasema kakinunua dukani. Nafasi ataikosa."

Mama akakisugua kinyago kwa pindo la khanga kuyarudisha yale makovu, kikazidi kung'aa.

Gari likasimama stendi ya Masoko. Bertha alikuwa pale nje, kavaa gauni la kanisani, anatupungia mkono. Mama hakuinuka. "Jamani," akasema taratibu, "hakuna mwenye patasi humu?"

Tukashuka, kila mtu anatazama miguu yake.