Raundi ya Tano Ambayo Mwamuzi Hakuiona

Mheshimiwa Chef wa mtaa wetu, Tata Nkongolo. Mama Tshibola, mwenye ukumbi huu. Wazee na wazazi mliokubali kukaa kwenye viti vya plastiki vya vijana. Ndugu wachezaji wa Manika. Ndugu wachimbaji mliotoka Fungurume asubuhi hii kwa basi. Na ninyi mliosimama mlangoni pamoja na pikipiki zenu kwa sababu ndani hakuna tena pa kuweka mguu: nawasalimu kila mmoja kwa heshima yake.

Mimi ni Mathieu Kabongo, katibu na mwamuzi wa klabu hii tangu ilipoanza. Ratiba iliyobandikwa ukutani inasema kwamba saa nane na nusu katibu atasoma historia ya klabu kwa dakika kumi, kisha mchezo wa fainali utaanza. Historia hiyo nimeiandika. Ni kurasa nne, ziko mkononi mwangu. Nitasoma kidogo tu. Yaliyobaki nitayasema bila karatasi, na naomba mnivumilie.

Tata Chef, wiki iliyopita uliniuliza nyumbani kwako, “Mathieu, hii mambo ya bakubwa kupigana ndani ya télé, iko na faida gani?” Nilicheka, nikanywa chai yako, nikaondoka bila kukujibu. Leo nitajaribu.

Mchezo wetu umetokana na katuni za Kijapani zinazohusu wapiganaji wanaorithi nguvu za mababu zao. Wawili wanakaa kwenye benchi moja, kila mmoja na manette yake mkononi, yaani kile kidude cha vitufe, na kila mmoja anachagua mpiganaji. Majina ya Kijapani yalitushinda, tukawapa ya kwetu. Yule wa nyundo kubwa tunamwita Kizito. Yule bibi mwembamba anayepotea kwenye ukungu na kutokea nyuma yako na mwavuli tunamwita Nkambo, neno letu la bibi. Juu ya televisheni kuna mistari miwili ya kijani, ndiyo uhai wa kila mpiganaji, na kila pigo linaupunguza. Anayemaliza uhai wa mwenzake ameshinda raundi. Anayefikisha raundi tatu ameshinda mchezo.

Ni hayo tu. Lakini ni wapi pengine hapa Kolwezi mchimbaji aliyetoka shimoni na vumbi kichwani anakaa bega kwa bega na karani wa ofisi, na karani anaomba afundishwe? Ni wapi pengine mtu anapigwa mbele ya watu mia moja, halafu anasimama, anampa mwenzake manette kwa mikono miwili, na kwenda kusimama nyuma ya foleni? Mama Tshibola alitufundisha desturi hiyo ya mikono miwili siku ya kwanza. “Hapa kwangu,” alisema, “mutu hatupe manette kama mufupa.” Miaka mitano hakuna aliyeitupa.

Wachezaji wetu wawili wakubwa, watakaocheza fainali ya leo, mnawajua. Gael, aliyekaa pale mbele na shati la buluu, ni fundi wa kuchomelea vyuma, na anacheza na Kizito. Hana haraka. Anaweza kupigwa mara kumi akingoja pigo lake moja, na likitua, hata sisi tunaotazama tunashika mbavu. Stany ni mchimbaji, na anacheza na Nkambo. Anauma kidogo kidogo kama siafu, na anapotea. Walipokuwa wakikutana watu waliacha kunyoa ndevu nusu kwa kinyozi wakaja kutazama. “Gael, chunga nkambo,” wachimbaji walikuwa wakipiga kelele, “atakuchapa na mwavuli mpaka utaita mama yako.” Na Gael, bila kugeuza shingo, alikuwa akijibu, “Mama yangu njo alinituma nimurudishe nkambo ku nyumba.”

Hapo ndipo kurasa zangu nne zinaishia kusema kweli. Ukurasa wa tatu unasema hivi: “Fainali ya Jumamosi tarehe 17 Agosti 2024: mshindi Gael, raundi tatu kwa mbili. Baadaye zilitokea fujo.” Niliandika sentensi hiyo mara mbili: mara ya kwanza kwenye daftari la klabu, mara ya pili wiki hii katika historia hii. Mara ya kwanza sikusita.

Tata Chef, wewe hukuwepo siku hiyo, kwa hiyo nitaeleza tangu mwanzo.

Umeme wetu hukatika bila kuaga, na ukikatika mashine inasahau mchezo wote. Ndiyo maana tulijiwekea sheria: mwamuzi anakaa mezani na daftari, anaandika kila raundi, na umeme ukikatika katikati ya raundi, mwamuzi anasema nani alikuwa na uhai zaidi, na huyo anapewa raundi. Neno lake halijadiliwi. Sheria hiyo niliitunga mimi. Daftari nililichora mimi pia, mistari kwa rula: saa, raundi, uhai wa kushoto, uhai wa kulia, sekunde zilizobaki. Napenda kila kisanduku kiwe kimejazwa. Watu waliniamini kwa sababu hiyo. Walikuwa wakisema, “Kama Mathieu ameandika, basi.”

Siku ile walikuwa raundi mbili kwa mbili. Raundi ya tano, saa tisa na dakika arobaini na moja alasiri. Uhai wa Gael ulibaki upana wa kidole, na wa Stany vilevile. Kizito ameinua nyundo. Nkambo amepotea kwenye ukungu. Na mimi, ndugu zangu, wakati huo huo nikaona kisanduku cha sekunde kiko kitupu. Nikainama kuandika.

Umeme ukakatika.

Madirisha ya ukumbi huu yamezibwa kwa makaratasi ili jua lisipige televisheni, kwa hiyo giza lilikuwa giza la shimoni. Nyuma yangu binamu za Gael walikuwa wakishangilia. Mbele yangu mtu akauliza mshindi, “Mathieu, njo nani?” Kisha watu kumi wakauliza. Kisha wote.

Sheria yangu haikuwa na neno kwa mwamuzi ambaye hakuona. Nilifikiri hivi, na fikra hiyo haikuchukua hata pumzi mbili: kama binamu zake wanashangilia, basi wao wameona pigo la Kizito likitua. Nikasema, “Gael.”

Ndugu Barnabé, mchimbaji uliyesimama pale nyuma, naomba ukae. Nitafika huko. Wote mtapata nafasi ya kunisema, sitakimbia.

Asante, Mama Tshibola. Kwa walio nje ambao hamkusikia, mama amesema, “Mumuache amalize.”

Basi nikasema Gael. Stany akasimama gizani, nikamtambua kwa sauti. Hakutukana. Alisema, “Mathieu, haukuangalia télé. Uliangalia cahier.” Alisema mara mbili kwamba niliangalia daftari. Mnakumbuka mlimjibu nini? Mlimjibu kwamba Mathieu ameandika. Mtu mmoja akamwita mwongo, mwingine akamsukuma, kiti kikaruka, na tulipofungua mlango mwanga uingie, televisheni ya Mama Tshibola ilikuwa imepasuka na mzee mmoja ameketi chini ameshika paji la uso. Ukumbi ukafungwa miezi kumi. Ilikuwa haki ufungwe.

Gael, kama mshindi, akaenda kwenye mashindano ya Lubumbashi kwa jina la Kolwezi, akashindwa mchezo wa kwanza. Stany akahamia Fungurume. Alidhani huko hakuna anayemjua, lakini habari zilipanda basi kabla yake. Wenzake walimwita Bwana Courant, yaani Bwana Umeme. Beleshi likivunjika, “Bwana Courant, ao mwanga ilikatika?” Akishindwa karata, “Muulize arbitre,” yaani mwamuzi. Haya nimeambiwa na wachimbaji mlio hapa, na mliponiambia mlikuwa mkicheka, nami nilicheka pamoja nanyi. Naomba mjue kwamba nilicheka.

Kuna jingine. Tarehe 2 Septemba, Gael aliporudi kutoka Lubumbashi, alinikuta kwenye kituo cha mabasi. Hakuniuliza habari za nyumbani. Aliniuliza, “Tata Mathieu, uliona kweli?” Nikamwambia, “Niliona.” Mara ya kwanza niliogopa watu mia moja. Mara ya pili nilimwogopa mtu mmoja mwenye begi mgongoni, aliyekuwa tayari kukubali jibu lolote. Hiyo ndiyo inayoninyima usingizi zaidi.

Ninalo daftari jingine, la nyumbani, ambalo halisomwi na mtu. Kwenye tarehe 17 Agosti kuna neno moja tu: Sikuona. Nimeishi miezi kumi na madaftari mawili yasiyopatana, na kila asubuhi nilikuwa nikijiambia kwamba ukumbi ukifunguliwa, mchezo mpya utalifuta jambo la zamani. Tata Chef ulipotupa ruhusa, ulinipigia simu mimi kwanza, ukasema, “Mathieu, nakutegemea. Jiwe moja likirushwa, nafunga, na sitafungua tena.” Nilishukuru, nikakata simu, nikaanza kuogopa. Niliogopa kwamba nikinyamaza, wachimbaji hawatatulia. Niliogopa kwamba nikisema, ninyi wa upande wa Gael hamtatulia. Tangu asubuhi nimehesabu njia za kutoka ukumbini mara tatu, na kila mara nimepata mlango ule ule mmoja.

Na kwenye mlango huo, kama mnavyoona mkigeuka, amesimama Stany. Amefika na basi la saa nne, kisha pikipiki ya kukodi kutoka kituoni. Nilimfuata, nikamkaribisha akae. Akaniambia, “Mi nimekuya kusikia. Kama utasema kile uliona, nitaikala. Kama hapana, narudia Fungurume.” Kofia ya pikipiki bado iko kichwani mwake.

Stany, nasema mbele ya Chef, mbele ya Mama Tshibola, mbele ya mtu aliyekuita mwongo, naye yuko humu na anajijua. Siku ile sikuona. Niliangalia daftari, kama ulivyosema. Ulisema kweli mara mbili, na mimi nilinyamaza mara mbili.

Sasa nasikia watu wa nyuma wanasema, “Basi Stany njo alishinda.” Hapana, ndugu zangu. Msinisaidie kudanganya upande wa pili. Stany, siwezi kukwambia kwamba ulishinda. Natamani sana, kwa sababu ungefurahi, na mimi ningetoka hapa nikiwa mtu mwema. Lakini sijui. Gael, siwezi kukwambia kwamba ulishindwa. Sijui pia. Raundi ile ilichezwa, na macho yaliyopewa kazi ya kuiona hayakuiona, na hakuna mtu atakayeirudisha. Nimewanyang'anya wote wawili, mmoja ushindi na mwingine amani, na hata leo siwezi kusema nani nilimnyang'anya nini.

Mbele yenu nimefungua daftari la klabu. Nimepiga mstari juu ya matokeo yale. Chini yake nimeandika: “Raundi ya tano haikuamuliwa. Mwamuzi hakuona.” Nimeweka sahihi. Mama Tshibola, naomba uweke yako. Nashukuru.

Kuanzia leo mimi si mwamuzi tena. Anayeandika hatahukumu, na anayehukumu hatashika kalamu. Wachezaji wote wawili wamekubali jina la dada Rachelle, mshonaji wa pale sokoni, ambaye anaweza kutazama sindano kwa muda wa saa sita bila kupepesa. Mimi, kama mtakubali, nitakaa chini pamoja na ninyi. Kama hamtakubali, nitatoka, na naomba jambo moja tu: nitoke na hasira yenu, isibaki humu na kufunga ukumbi wa watu wasio na kosa.

Nasubiri.

Stany ananiuliza. Narudia kwa sauti ili wote wasikie: “Na kama courant inaenda tena leo, njo nani atasema?”

Ni swali la haki. Rachelle atasema alichokiona. Kama hakuona, atasema hakuona, na raundi itaanza upya, hata mara kumi, hata tukilala njaa. Sheria hiyo sasa ina neno lake.

Tata Chef, umetikisa kichwa, na sijajua kama ni ndiyo au ni masikitiko. Nitakuuliza baadaye, peke yetu.

Gael amesogea kwenye benchi. Ameshika manette ya pili kwa mikono miwili, anainyoosha kuelekea mlangoni. Tafadhali, mpeni Stany njia. Wewe wa shati jekundu, vuta miguu. Asante.

Amepita karibu nami na hajanisalimu, na sina haki ya kumdai salamu. Lakini amevua kofia, na ameketi.

Tata Chef, Mama Tshibola, wazazi wetu, ndugu zangu wa Manika na wa Fungurume: mmenisikiliza bila kurusha hata kizibo cha chupa, na hilo ni zaidi ya nililostahili. Asanteni kwa kunisikiliza. Rachelle, kiti ni chako.