Mzee Bwanali na Mwalimu wa Kwenye Kioo

Ukishuka basi la Lindi pale stendi ya Ruangwa, kushoto usiangalie, kuna vumbi tu. Angalia kulia, utaona duka la Agape, lile la kuuza madaftari na kutoa fotokopi, na mbele ya duka utaona benchi lenye miguu mitatu ya mbao na mmoja wa tofali. Tofali hilo niliweka mimi. Mambo mengi ya pale niliyaweka mimi, ila watu hawapendi kusema. Hapo ndipo tulipokuwa tunakaa mwaka ule wa elfu mbili na nane. Mzee Bwanali alikuwa na birika lake na jiko la mkaa, anatuuzia kahawa. Mwalimu Dismas, mtu wa Bukoba aliyeletwa na serikali kutufundishia watoto, tulimwita Chaki. Mustafa, fundi baiskeli, tulimwita Redio, kwa kuwa hazimiki na habari zake hazina mwenyewe. Mimi waliniita Posta.

Jina hilo sikupewa bure. Watu wa Chinongwe na Mandawa wakija mjini na simu zao, waliokuwa hawajui kusoma walinitafuta mimi niwasomee meseji na kuwajibia. Niliishia darasa la tano kule Nachingwea, lakini darasa la tano la wakati ule ni sawa na kidato cha nne cha sasa. Chaki mwenyewe hulikubali hilo, tukiwa wawili.

Mteja wangu mkubwa alikuwa Bwanali. Mzee alikuwa hajui hata alifu, na binti yake Sabaha, mtoto pekee aliyebaki, alikuwa nesi Mwanza. Kile kitochi chake, simu ndogo ya tochi, kikilia, Bwanali anafuta mikono, ananimiminia kikombe, ananipa simu, kisha anakaa mbele yangu mikono magotini kama mtu anayesubiri kusomewa hitima.

Sasa nisikilize, maana hili simwambii kila mtu. Sabaha alikuwa anaandika kama anayejaza kadi ya mgonjwa. "Shikamoo baba. Mzima. Kazi nyingi." Basi. Mtu kakumiminia kahawa, kakukazia macho, utamwambia maneno matano? Nikawa naongeza. Namwambia, anasema juzi alisikia harufu ya kahawa wodini, akageuka akidhani ni wewe. Mzee alicheka siku hiyo mpaka akavua kofia. Mimi siuiti uongo. Binti angeyaandika hayo kama angekuwa na nafasi.

Tabu ilikuwa kwenye majibu. Bwanali akijibu, anaanzia kisimani anaishia makaburini. Kuku ametaga, kaburi la mama yako nimelipalilia, chumba chako nakifagia kila Ijumaa. Na kitochi kile, herufi moja unabonyeza mara tatu, na kidole gumba changu ni cha jembe. Nikawa naandika: "Nimepata. Salama." Miaka miwili hiyo.

Kabla ya Idi ya mwaka uliotangulia, Sabaha aliuliza: "Baba, nije Idi?" Mzee alizungumza mpaka kahawa ikapoa. Jogoo amemweka, chumba kimepigwa udongo mpya, aje, aje hata kwa siku moja. Betri ilikuwa imebaki mstari mmoja. Nikaandika: "Ukipata nafasi."

Hakuja. Yule jogoo tulimla sisi wa kijiweni. Mimi nilipewa paja.

Kwa hiyo utanielewa nilivyoshtuka siku Bwanali aliposema ameamua kujifunza kusoma. Agape, mwenye duka, alikuwa ameingiza intaneti dukani, kompyuta moja na jenereta moja, na huko ndani alikuwa amepata masomo ya watu wazima kwa Kiswahili. Herufi inatokea kwenye kioo, picha inatokea pembeni, na mwanamke asiyeonekana anaitamka. Mzee alitaka asome kila siku baada ya alasiri, nusu saa. Sabaha asiambiwe. Idi hii baba atasoma mwenyewe.

— Kwenye kompyuta? nikasema. Mzee, mle hufundishwi, unaonyeshwa tu.

— Hapo nakuunga mkono, akasema Chaki. Mwalimu lazima akuone uso. Mimi mwanafunzi akitikisa kichwa najua kama kaelewa au ana njaa. Hicho kioo kitajua?

— Kioo hakicheki, mwalimu, akasema Agape kutoka mlangoni.

Bwanali akaweka birika chini. Akatusimulia kwamba miaka ya sabini aliwahi kwenda kisomo cha watu wazima, jioni, chini ya paa la shule. Aliyekuwa anafundisha ni mtoto wa dada yake. Akamwita ubaoni aandike jina lake, chaki ikakatika mara mbili, darasa zima likacheka, na mkewe akiwemo nyuma, yeye alikuwa ameshajua kusoma. Hakurudi tena.

— Huyu mama wa mle ndani, akasema, jana Agape kanionjesha, nimemuuliza kitu kimoja mara arobaini. Sauti haikubadilika. Marehemu mke wangu alinipenda, lakini arobaini asingefika.

Redio alikuwa na habari zake. Alisema yule mama yuko Dar es Salaam kwenye chumba cha baridi, amevaa vitu vya masikioni, anawasikia wanafunzi wote wa nchi hii kwa pamoja, na ndiyo maana hakohoi. Ukiingia kwake bila salamu anakuwekea alama mbaya.

Nikaona hapo pa kupitia. Nikawaambia habari za binamu yangu Abdalah wa Nachingwea, aliyejifunza kuendesha trekta kwenye kompyuta. Alifaulu vizuri mno. Siku alipopanda trekta la kweli alinyoosha moja kwa moja, akapita shamba, akapita mto, hakupinda, kwa sababu kwenye kompyuta barabara inapinda yenyewe. Walimkuta Masasi, mafuta yamekwisha, bado ameshika usukani.

— Abdalah huyu huyu? akauliza Chaki. Mwaka jana ulisema ni kipofu.

— Alipona.

Walicheka, lakini Bwanali hakucheka. Aliniangalia kwa upole, akaniuliza kama jenereta likizima, kile alichokwisha jifunza kinazima nacho? Nikamwambia ndiyo, chote. Akafikiri, akasema basi atakuwa anakirudia njiani akienda nyumbani, kabla hakijatoka.

Akaanza. Nilikuwa nachungulia dirishani. Alikuwa anavua kandambili mlangoni. Alikuwa anamwamkia kompyuta, anamuuliza habari za nyumbani, na Agape alilazimika kusimamisha somo mpaka salamu ziishe. Na kila siku alipeleka vikombe viwili, kimoja chake, kingine anakiweka karibu na kioo kwa ajili ya mwalimu. Agape alikuwa anakinywa yeye, ila alisubiri mzee atoke kwanza.

Mwezi wa pili wa masomo yake aliniomba nimpelekee simu kwa Agape ichajiwe. Ilipojaa, nikasimama nayo nyuma ya duka. Meseji zote zilikuwamo, za kuja na za kwenda, mzee hakuwahi kufuta hata moja, hakujua namna. Nikafika kwenye ile ya "Ukipata nafasi." Kidole kikakaa juu ya kitufe cha kufuta, kikakaa weee. Nikajiambia betri iko chini, haitaweza. Betri ilikuwa imejaa. Nikairudisha kama ilivyo.

Mwezi wa nne wa masomo, siku chache kabla ya Ramadhani, tumekaa wote, kitochi kikalia. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kupokea. Haukupewa kitu. Bwanali alitoa miwani mfukoni, akaweka kidole kwenye kioo kidogo cha simu, akaanza kulima.

— Shi-ka-moo ba-ba. I-di ni-na za-mu.

Akarudia kwa mkupuo mmoja, shikamoo baba, Idi nina zamu, kama mtu aliyevuka mto. Chaki alitoa sauti ya kuridhika. Mzee akabonyeza kwenda chini. Akabonyeza tena.

— Posta, akasema. Yaliyobaki yako wapi?

Redio alizima siku hiyo, mara ya kwanza tangu nimfahamu. Mzee akafungua ile ya nyuma yake, na ya nyuma yake, moja moja, kidole kinatembea. Mzima. Kazi nyingi. Nimefika. Hakuna harufu ya kahawa mahali popote. Kisha akaingia kwenye zile tulizopeleka. Chaki aliinuka kama anayeondoka, akakaa tena.

— U-ki-pa-ta na-fa-si, akasoma Bwanali. Hili nani kalisema?

— Mimi, mzee.

— Na harufu ya wodini?

— Mimi pia.

Kahawa ilichemka ikafurika, ikazimisha mkaa upande mmoja, na hakuna aliyesogea. Nilikuwa nangoja mfuniko wa birika unijie usoni, na nisingeukwepa. Mzee alichukua kikombe, akakisuuza, akakijaza mpaka juu, akakiweka mbele yangu, vilevile kama zamani akitaka kusomewa.

— Sema, akasema. Yale ya wodini. Sema polepole, mimi nakufuata.

Nikasema. Neno moja moja, mimi ambaye nimewahi kuhutubia mkutano wa wakulima wa korosho bila kipaza sauti. Chaki akakaa kushoto kwake, na kila kidole cha mzee kilipopotea kwenye vitufe alitaka kuonyesha, akajizuia, akaficha mikono chini ya mapaja. Tulianza kivuli cha duka kikiwa miguuni petu, tukamaliza kimeshafika katikati ya barabara. Kisha mzee alitusomea alichoandika, na hakikuwa changu.

"Mwanangu leo nimesikia harufu ya dawa nikageuka nikidhani ni wewe. Chumba nafagia kila Ijumaa. Ile siku nilisema njoo. Njoo."

Agape ndiye aliyemwonyesha kitufe cha kupeleka. Ikaenda.

Tukakaa. Basi la Nachingwea likaja, likashusha, likaondoka. Bwanali aligawa kahawa yote, akakung'uta birika, hata masimbi ya kahawa yakatoka. Ndipo kitochi kikalia. Akavaa miwani. Ilikuwa fupi, Sabaha ni yuleyule.

— Ba-ba, na-ni ka-ku-a-ndi-ki-a?

Akainua uso akatuuliza sisi, kama vile swali limekuja kwa benchi zima. Nani kaandika? Chaki akaangalia viatu vyake. Agape akageuka kuangalia ndani, kwenye kioo cha kompyuta, ambako kikombe cha mwalimu kilikuwa bado kimejaa. Mimi nilikuwa na jibu, mimi siku zote nina jibu, nikalimeza pamoja na kahawa ya mwisho.

Mzee Bwanali akafuta kidole gumba kwenye shati, akainama, akaanza kuitafuta herufi ya kwanza. Hatukumsaidia.