Kapteni Octave Amekabidhi Geti la Nyuma

Samahani kwa kuchelewesha maneno haya. Gustave wa ofisi ya soko aliniomba niyaandike tangu Februari, lakini mwanangu anaota meno na usingizi naupata kwa vipande. Papa Octave Cirhuza alistaafu tarehe 28 Februari, baada ya miaka ishirini na minne ya kulinda geti la nyuma la soko letu hapa Fordsburg.

Tulimwita Kapteni, na hicho hakikuwa cheo cha utani. Alikipata jeshini Bukavu, katika ule mwaka mfupi kati ya vita ya kwanza na ya pili ya kwetu. Alipewa kulinda stoo ya buti. Vita ilipoanza tena, wakubwa walipanda lori wakaenda zao. Yeye akabaki mlangoni, kwa sababu askari haachi lindo mpaka mwenzake aje kulipokea. Hakuja mtu. Mwishowe aliondoka kwa miguu, risasi zikiwa jirani, na jambo hilo lilimuuma kuliko njaa yote ya njiani kuja huku.

Didier wa mizigo alizoea kumchokoza: "Kapteni, jeshi lako liko wapi?"

"Liko mbele yangu, na halijanyoa ndevu."

Siku ya punguzo la Idi, watu wakisukumana kwenye mapazia, alipuliza filimbi akawapanga akina mama kwa urefu, wafupi mbele. Eish, walilalamika! Lakini walitii, na hakuna aliyekanyagwa. Mchana sisi tulivua viatu tukanyoosha miguu. Yeye hapana. Aliye zamu havui buti.

Siku ya mwisho tulikata keki, tukapiga picha, halafu Kapteni akarudi getini. Kampuni ya ulinzi ilikuwa haijaleta mlinzi mpya. Saa ya kufunga ikapita.

"Papa, nenda nyumbani, geti halitakimbia," Didier akasema.

Hakusogea, na machozi yalimlengalenga. Basi nikamkaza mtoto mgongoni, nikasimama wima mbele yake, nikapiga saluti.

"Mkono ule mwingine, Mama Exaucé."

Nikabadilisha mkono. "Kapteni, lindo nimelipokea. Nenda."

Akarudisha saluti, akaondoka bila kugeuka.

Asante, Papa. Sasa uko Lubumbashi kwa binti yako Héritière. Ishi vizuri, ule ushibe. Ila kuna vitu bado nasubiri unitumie: filimbi, uliyoondoka nayo shingoni, ufunguo wa choo cha nyuma, maana tunateseka, dagaa wakavu, wasiwe wa chumvi nyingi, na picha yako umekaa kibarazani, miguu peku.