Pete Nyeupe ya Evelina

Nyamagana, kwenye kona ya nyuma ya soko, kuna benchi ambalo mguu wake mmoja ni matofali. Hapo Mama Paskazia huteleka birika lake la kahawa, na watu huja kutatua matatizo ya dunia kabla hayajawafikia nyumbani. Asubuhi ile Luhende, fundi wa injini za mitumbwi, alifika na shati lililopigwa pasi, mikono kaisugua mpaka oili ikabaki kwenye kucha tu. Alikuwa anakwenda kwa sonara, mtaa wa pili. Akapitia benchini kwanza, akakaa. Kosa lake likawa kusema anachokwenda kuagiza.

— Plati nini? aliuliza Nkwabi, dereva wa bodaboda anayeitwa Breki kwa sababu pikipiki yake haina.

— Platinamu. Pete ya kumchumbia Evelina.

Kikombe cha Mzee Maige kikasimama njiani. Mzee huyu alistaafu reli, ila kijiweni ni Waziri, na hana wizara maalumu.

— Luhende mwanangu, Geita si hapo tu? Dunia nzima inapanda ndege kuifuata dhahabu yetu, wewe unaikimbia? Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Cha uvunguni kipo, wewe unatazama dari!

— Na chema chajiuza, kibaya chajitembeza, Breki akadakia. Hiyo kitu imetembea kutoka Afrika Kusini. Jiulize kwa nini.

— Halafu nyeupe! alirudi Waziri. Wajomba zake watasema umemvalisha bati. Watauliza umechomoa paa la nani.

Kijiwe kikaangua kicheko. Luhende naye akacheka kidogo, macho kwenye kikombe.

— Oyaa, alisema Breki, mnajua platinamu nyingine iko wapi? Kwenye ekzosi za magari. Huko Ulaya wezi wanalala uvunguni mwa gari kuichomoa. Siku moja jamaa ataona mkono wa shemeji, atadhani ni ekzosi ya Noah.

— Hiyo ndogo, alisema Waziri. Kuna radi. Radi ya ziwa hili inapenda kitu cheupe. Kwetu ng'ombe weupe ndio hutangulia kupigwa.

— Ng'ombe havai pete, Mzee Maige, alisema Mama Paskazia.

— Ndiyo nasema! Bila pete anapigwa. Je, akivaa?

Luhende hakupenda kulisema jambo alilokuwa ameambiwa faraghani. Lakini aliona akiwaacha waendelee hivi, Evelina atakuwa mzaha wa kijiwe mpaka siku ya harusi.

— Baba yake alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu, alisema taratibu. Shimo lilimwangukia. Hawakumpata; walilifukia tu, wakasimika msalaba juu. Evelina aliniambia, kila akiona dhahabu shingoni mwa mtu hujiuliza aliyeitoa kama alirudi nyumbani. Sitaki avae swali hilo kidoleni maisha yake yote. Najua hata platinamu inachimbwa. Ila hii haikumchukua wa kwake.

Breki akavua kofia yake ya pikipiki, akaipakata. Mama Paskazia alimwongezea Luhende kahawa bila kuombwa. Waziri aliweka kikombe chake chini.

— Bati zuri tu, alisema. Linakinga mvua.

Ndipo akatokea Urvi, binti wa sonara Ramniklal, chupa ya chai mkononi. Siku zote alikuwa akimtuma mtu kununua kahawa. Leo kaja mwenyewe.

— Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Luhende! Baba anakungoja tangu tufungue. Kidole chake ukubwa gani?

— Kidole?

— Cha mchumba. Platinamu si kama dhahabu, ikishaundwa kuipanua ni kazi kubwa. Kinene? Chembamba?

Luhende alijua Evelina hucheka kabla hajamaliza kusimulia kinachochekesha, na hunywa chai bila sukari. Kidole hakukijua. Waziri alitazama vidole vyake mwenyewe kana kwamba vingesaidia. Breki alisema, "Saizi ya kawaida," kisha akaona aibu.

Luhende akapanda nyuma ya Breki, wakaenda Buhongwa, kwa Evelina.

Evelina alikuwa kwenye cherehani, kibarazani. Akamwona Luhende na shati la pasi siku ya kazi, mguu ukaacha kukanyaga.

— Umefiwa?

— Hapana. Nikatie kipande cha uzi.

Akakata, akampa.

— Sasa nipe mkono.

— Upi?

— Wa kushoto.

Akaanza kuuzungusha kwenye kidole chake cha pete, lakini uzi ulikuwa mwembamba na vidole vya Luhende vilizoea spana. Ulimponyoka, akauokota, ukamponyoka tena. Evelina alikitazama kidole chake, kisha akamtazama yeye.

— Ni dhahabu? aliuliza kwa sauti ndogo.

— Sio dhahabu.

Akauacha mkono wake ndani ya ule wa Luhende.

— Basi usikaze sana, alisema. Kwenye joto vidole vyangu vinavimba, na sitaki kuivua.