Tuliingia Tukiimba

Ndugu zangu wa hapa Migori, na nyinyi mliotoka mbali, Mungu ni mwema hata kama barabara za huku si njema. Hao wanaocheka tayari wananijua. Mimi ni yule dereva wa pikapu aliyemaliza kidato cha nne shule ya jioni akiwa na mvi, mwalimu akiwa mdogo kuliko kifungua mimba wangu. Leo mniruhusu nisichekeshe sana. Nitajaribu, siahidi.

Mke wangu ndiye aliyenisukuma nirudi shule. Alifariki kabla matokeo hayajatoka. Siku ya mazishi mlijaa kwangu hadi kuku wakakosa pa kukanyaga. Baadaye mkapungua. Mkanikuta sokoni nikiwachekesha wauza dagaa wa omena, mkaambiana, "Huyu ameshapona." Nawaambia, sikuwa nimepona. Nilikuwa nimeifunga ile nyumba kwa kufuli, nalala ndani ya pikapu, majirani nawaambia ati nachunga betri isiibiwe. Ilifika mahali asubuhi najiuliza, hata nikiwasha gari, ni kwa ajili ya nani?

Ndipo mwangalizi wetu wa kanisa akaniomba nimpeleke kuwatembelea wachungaji wa vijijini. Tulikuwa watatu: yeye, mimi, na mama mmoja kiongozi wa kwaya. Tulibeba sukari, unga na taa za sola. Tukaanza na Kehancha, tukarudi, kisha tukashika njia ya ziwa kuelekea upande wa Homa Bay. Mvua ilikuwa imenyesha. Jamani, mashimo! Shimo moja lilikuwa na samaki, na samaki huyo alikuwa na wajukuu. Mwangalizi akavua viatu, akakunja suruali, akasukuma.

"Dereva, hii ni barabara ama ni mto?"

"Mtumishi, asubuhi ni mto, jioni ni barabara. Sisi tumekuja mapema."

Mama alicheka hadi akakaa kwenye matope.

Mchungaji wa mwisho anaishi juu milimani, kabla ya kufika Sindo. Simu yake haikuwa ikipatikana kwa siku kadhaa, tukadhani ni chaji tu. Na mnajua desturi yetu: mgeni wa kanisa haingii boma la mtu kimya. Nikapiga honi, mama akaanzisha wimbo wa furaha, sisi tukapokea, tukaingia langoni tukipiga makofi.

Kando ya nyumba kulikuwa na kaburi. Udongo ulikuwa bado mbichi. Mama akanyamaza. Mimi nikanyamaza. Mwangalizi, ambaye huimba akiwa amefumba macho, aliendelea peke yake, akicheza kuelekea kaburini, mpaka mama akamshika koti.

Mchungaji alikuwa amesimama mlangoni.

"Msikatize," akasema. "Ni mama watoto. Mto ulikuwa umejaa, hakuna mchungaji aliyeweza kuvuka. Nilihubiri mwenyewe, nikamzika mwenyewe. Hata nyimbo nilianzisha mimi. Nyinyi ndio wa kwanza kuimba hapa bila mimi kuanzisha."

"Mos, omera. Pole, ndugu yangu," mwangalizi akasema.

Mama akauanza tena ule wimbo, polepole. Tukaumaliza.

Wakati wa chai nikarudia kazi yangu, nikasimulia habari za samaki na wajukuu wake. Hata yule mfiwa akatabasamu. Kisha akaniuliza, "Dereva, nyumbani umeacha nani?"

"Kuku na redio."

Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Alikufa lini?"

"Nani amekwambia?"

"Mtu mwenye mke hawezi kuanza na kuku."

Ndugu zangu, nililia. Nililia hadi nikaona ziwa litafurika na Sindo yote ihame. Mtu ambaye udongo wa mkewe haujakauka alinishika mkono mimi, tukaenda kukaa kando ya kaburi.

"Wewe una watu karibu," akaniambia. "Waambie. Mimi huku ningemwambia nani?"

Kesho yake, tuliporudi nyumbani, nikamwambia yule mama wa kwaya ukweli kwamba betri haikuwa na mwizi. Akaja na wenzake wawili, tukafungua kufuli. Buibui walikuwa wamejenga ghorofa. Leso za mke wangu zilikuwa bado kwenye kamba ya chumbani. Nilishindwa kuzishika. Wao wakazikunja.

Akina mama, asanteni. Mwangalizi, asante kwa kusukuma. Na yule mchungaji, ambaye sasa namtembelea kila mwezi tukae tu, Mungu amtunze. Msimpime mtu kwa kicheko chake. Mfuateni hadi kwake mwone analala wapi. Na wanaotuzikia wafu wetu, nao wakifiwa, tuvuke mto.

Huzuni bado ipo. Jioni mkono wangu bado hupima unga wa watu wawili, sijaweza kuufundisha kupunguza. Nikishasonga ugali, namwita mzee wa nyumba ya pili. Tunanawa, tunakula.