Hezroni Mwakalobo, Mwandika Mabango wa Ipyana (1961–2025)

Marehemu kaka yetu Hezroni alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa Ipyana, mtoto wa tatu wa mzee Lazaro Mwakalobo na mama Beatrice. Alimaliza darasa la saba mwaka 1976. Herufi zake hakuzipata shuleni. Aliziiga kwenye masanduku ya chai ambayo baba alihifadhia mpunga: herufi nene, zenye vistari kwenye ncha kama miguu mipana, juu na chini. Kuziinamisha mbele ilikuwa akili yake mwenyewe.

Aliandika maduka, hoteli na mitumbwi kuanzia Njisi hadi Ikombe. Mzee Zubery, mwenye duka Kyela mjini, alimuuliza kwa nini herufi zimeinama. Akajibu, "Watu wa Kyela wanapita na baiskeli. Zinawasindikiza." Na miguu yote hiyo? "Upepo wa ziwa, mzee, usiziangushe."

Tarehe 20 Agosti 1988 alifunga ndoa na Angetile. Walijaliwa watoto wawili, Kisa na Ezra.

Yalipokuja mabango ya plastiki, watu waliyapigilia juu ya kazi zake bila hata kumwambia. Alipita, akatazama, akaenda zake. Mwaka 2023 kiharusi kilimshika mkono wa kulia. Alijaribu wa kushoto, akaweka brashi chini. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, nyumbani kwake.

Angetile aliomba jambo moja tu: jina la mumewe msalabani liwe kwa herufi zake. Mchapaji wa ratiba hii alisema kompyuta yake haina herufi hizo. Akazinenepesha alizonazo, akaziinamisha, miguu hakuna. Kisa akazunguka na karatasi na penseli, akifuatisha herufi za baba yake ukutani na milangoni. Alizipata zote isipokuwa Z. Ya duka la Zubery, kampuni moja imepaka rangi ukuta mzima. Ya mtumbwi Zawadi, huko Ikombe, mbao zake zimeshakuwa kuni. Tukailaza N iwe Z. Miguu ikabaki pembeni. Ambwene, fundi rangi, akatuchorea nyingine, nzuri tu. Angetile akaitazama.

"Ndaga, asante, Ambwene. Lakini siyo ya mume wangu. Shemeji, acheni pengo."

Tulibishana naye jana kutwa nzima. Hakukubali. Basi msalaba mtakaouona leo una pengo baada ya HE, na hakuna fundi aliyekosea.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano, na sisi wadogo zake, Anyitike na Nsajigwa.

Mwenye ubao, mlango au mtumbwi wenye Z ya Hezroni, tunamwomba amwone Kisa kabla hajaondoka. Hatutauchukua, tutafuatisha tu kwa penseli.

Kaka, lala kwa amani. Jina lako tutalimalizia.